Polepole na Kontena la Nguo Kuukuu

Jina la Polepole alipewa na watu wa yadi, na hakuna aliyempa kwa kumsifu. Aliendesha winchi ya kunyanyulia makontena kwa taratibu ile ya mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni walimpigia honi, wakamtania kwamba siku atakayokwenda kuposa, bibi harusi atazeeka akimngoja. Naye alicheka tu. Mkewe mwenyewe alikuwa akisema maneno hayo hayana utani ndani yake, kwa sababu uchumba wao ulichukua muda mrefu mpaka wazee wa pande zote mbili wakasahau walikuwa wamekubaliana nini.

Ndiyo maana nasema dunia hii haina haya hata kidogo. Katika watu wote waliowahi kukalia kile kiti cha winchi, na wengine waliendesha kama wanakimbizwa, ni huyu aliyeandikwa kwenye taarifa ya ajali kwamba aliua mtu kwa haraka.

Aliyekufa alikuwa rafiki yake. Kazi yake ilikuwa kusimama chini na kumwongoza mwenye winchi kwa ishara za mikono, na kwa kuwa alikuwa pia na filimbi shingoni, yadi nzima ilimwita Filimbi. Mchana walikula pamoja kivulini nyuma ya karakana, sahani moja. Filimbi ndiye aliyekuwa msemaji, Polepole msikilizaji, na wote wawili waliridhika na mgawanyo huo.

Asubuhi ile kontena lilikuwa la kampuni moja inayosafirisha mizigo ng'ambo. Kwenye karatasi liliandikwa nguo kuukuu, marobota, na uzito wake wa kawaida. Polepole aliteremsha minyororo minne, Filimbi akafunga ndoano, akasogea kando pale anapotakiwa kusogea, akapuliza. Kontena likaacha ardhi. Halijafika kimo cha mtu, Polepole akahisi kwenye usukani kitu asichokielewa: upande wa mlango ulikuwa unapanda, upande wa kichwa, ule usio na mlango, umegoma. Nguo hazifanyi hivyo. Robota la nguo halina upande mzito wala mwepesi. Akaanza kulirudisha chini, polepole kama kawaida yake, na mnyororo mmoja wa upande wa kichwa ukakatika. Kwa kufumba na kufumbua kontena likazunguka lenyewe, likamfuata Filimbi pale alipokuwa amesimama kwa usalama.

Siku hiyohiyo wenye mzigo walikuja na lori, wakalichukua kontena lao. Walisema wanakwenda kuokoa mali. Yadi ikaandika taarifa: mzigo, nguo kuukuu; chanzo, uzembe wa mwendeshaji, alizungusha winchi kwa kasi. Ikapigwa mhuri. Polepole akasimamishwa kazi na leseni yake ikawekwa kwenye droo ya meneja.

Kupoteza kazi kulimuuma, sitasema hakukumuuma. Lakini lililomla ndani kwa ndani lilikuwa jingine. Siku za kwanza alikuwa na hakika na mikono yake. Kisha taarifa ile ikasomwa mbele ya watu, na mtu akisomewa kosa lake kwa sauti nzito na mhuri juu, huanza kujikagua. Akawa anakaa kitandani mkono wa kulia mbele, akivuta usukani ambao haupo, akijiuliza kama alivuta hivi au hivi. Mkewe akimkuta hivyo anamshika ule mkono na kuushusha kwenye paja.

Kwenye mazishi mke wa Filimbi alimpa kisogo. Mwanamke yule zamani alikuwa akimwita shemeji na kumtania kwamba anamlishia mumewe chumvi nyingi. Nyumba yake ilikuwa mtaa huohuo: unakwenda mpaka bombani, unapinda kulia, mlango wa pili. Polepole akawa anazunguka nyuma ya shule ili asipite bombani. Watu wazima wawili, mtaa mmoja, na mmoja anajificha kama mwizi wa kuku.

Kitu pekee alichokitaka kilikuwa mtu aseme, kwa kinywa kinachoaminika, kwamba si mkono wake. Alitaka mwanamke yule alijue hilo. Mengine yangekuja au yasingekuja.

Aliyemshikilia asianguke kabisa alikuwa kaka yake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka, akamvusha shule mpaka alipotaka mwenyewe kuacha, akamtafutia na kazi ya yadi. Kaka alikuwa mpakiaji: alikuwa na watu wake, anaitwa kwenye maghala mbalimbali kujaza makontena, na sifa zake zilivuma kwa sababu mzigo aliopanga yeye haukuchezacheza. Kwa kampuni ile yenye kontena la ajali alisema alishaacha kufanya kazi muda mrefu. Kila jioni alikuja na unga au sukari, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya.

"Ajali ni ajali, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Usijichimbe hivyo."

"Kaka, lile kontena lilikuwa zito upande mmoja."

"Nguo zikilowa huwa nzito."

"Zilowe upande mmoja?"

"Usijichimbe," anarudia kaka, na kumwomba shemeji yake chai.

Miezi ikapita hivyo. Kisha akaitwa kwenye ofisi ya serikali inayosimamia nauli za meli, ofisi ambayo hakujua kama ipo. Aliyemwita alikuwa mchunguzi, mama wa makamo mwenye mafua yasiyoisha, katika chumba ambacho karatasi zilizuiliwa na lakiri kuukuu za kufungia makontena ili feni isizipeperushe. Alimkaribisha kiti, akajifuta pua, akamweleza kama anavyoeleza mtu asiyependa kupoteza muda wa mwenzake.

"Kila mzigo una nauli yake baharini," alisema. "Nguo kuukuu zinalipiwa kidogo. Vipuri vya magari vinalipiwa zaidi. Sasa kuna watu wanapakia vipuri wanaandika nguo. Mwenye meli anapunjwa. Na mfanyabiashara anayeandika ukweli analipa zaidi kuliko mwongo, mwisho anafunga duka. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuwakamata hao. Kampuni hii nimeifuata muda mrefu, na nimefungua makontena yao matatu bandarini."

Akamsogezea picha. Kwenye ya kwanza milango ya kontena ilikuwa wazi, marobota ya nguo yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, safi, hayana hata upenyo wa kupitisha kidole. Kwenye ya pili marobota yalikuwa yameondolewa, na huko nyuma, kwenye kichwa cha kontena, injini na giaboksi zimelala zimebanana.

"Wenyewe wanaita kuvalisha mlango," alisema mchunguzi. "Mkaguzi akifungua anaona nguo, anafunga, anapiga mhuri. Chuma chote kinasukumwa kule mwisho."

Polepole aliitazama ile picha ya pili mpaka macho yakamwasha. Nguo mlangoni, chuma kichwani. Mlango unapanda, kichwa kimegoma. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukivuta hewa miezi yote ile, ukatulia juu ya meza. Akalia mbele ya mwanamke asiyemjua, na mchunguzi akampa karatasi zake za mafua, akasubiri.

"Basi si mimi," alisema Polepole alipoweza.

"Naamini si wewe. Lakini kuamini kwangu hakuandikwi popote. Kontena lako walilimwaga siku ileile, halipo. Haya matatu ni kesi ya nauli tu. Ila nikimpata aliyelipakia lile la kwako, akasema kwa kinywa chake kulikuwa na nini ndani, hawana pa kutokea. Na akija mwenyewe simshtaki, namchukua kama shahidi. Mimi nawataka waliomtuma." Akaivuta tena ile picha ya kwanza. "Mpakiaji ni mmoja kwa makontena yote. Angalia kamba zake. Unamjua mtu anayefunga hivi?"

Polepole akaangalia. Safu ya mbele ya marobota ilizuiwa na kamba, na mwisho wa kila kamba ulizungushwa mara mbili kutokea kushoto, kisha ukachomekwa ndani kwa chini, kama mtu anavyochomeka shati. Kaka yake alikuwa mashoto. Godoro alilohamia nalo Polepole nyumbani kwake lilifungwa hivyo. Sanduku la bati la mama yao lilifungwa hivyo. Siku aliyooa, kaka alimfungia vyombo kwenye mkokoteni kwa mafundo yaleyale, na mkewe akavunjika kucha akijaribu kuyafungua.

Mchunguzi akauliza mara ya pili.

"Hapana," alisema Polepole. "Simjui."

Kurudi nyumbani hakuzunguka nyuma ya shule. Alipita bombani, akapinda kulia, akabisha hodi mlango wa pili. Alimkuta mke wa Filimbi anachambua mchele kwenye ungo. Akamweleza habari za nguo na chuma, akimweleza kwa mikono zaidi ya mdomo. Mwanamke hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe.

"Kila mtu ana la kujisemea," alisema. "Wewe ulikuwa juu, mume wangu alikuwa chini. Niletee mtu mwingine aseme hayo. Mtu mmoja tu, asiye wewe. Hapo nitakuita shemeji tena."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuumiza Polepole, kwamba ombi lenyewe lilikuwa la haki kabisa, na mtu huyo mmoja alikuwepo, na jioni angekuja na sukari.

Sasa mtu anaweza kumlaumu Polepole hapa, na mkewe alimlaumu baadaye. Kwa nini hakumtaja? Mimi nadhani ningemtaja, lakini mimi sikulelewa na yule kaka. Polepole alikata shauri moja la kijinga na la kiungwana: kwamba kaka atasema mwenyewe. Hakuwaza kwamba hatasema. Alichowaza ni kumrahisishia njia, kumsogezea kiti, kisha amngoje. Kungoja alikuwa anakujua.

Jioni hiyo alianza. "Kaka, leo nilikuwa kwa watu wa serikali. Wamenionyesha picha za makontena ya ile kampuni. Nguo mlangoni, injini nyuma."

Kikombe cha kaka kilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Wakubwa wana mambo yao," alisema, na kikombe kikaendelea na safari.

"Wanamtafuta mpakiaji. Mchunguzi anasema akija mwenyewe hashtakiwi, anakuwa shahidi."

"Watu wa serikali husema mengi."

"Nilikwenda pia kwa mke wa Filimbi. Anasema hataniamini mpaka apate mtu mwingine."

Kaka akaangalia viatu vyake pale mlangoni. "Maskini," alisema. "Mungu ampe subira."

Kuanzia hapo akawa anakuja akiwa amechelewa, anakaa kidogo, lakini mifuko ilizidi kuwa mizito. Unga, mafuta, sabuni ya kufulia, viatu vya watoto.

"Shemeji siku hizi analeta vitu kama anahamia hapa," alisema mke wa Polepole, akicheka. Mumewe hakucheka, na yeye akaacha.

Kila mara Polepole alisogeza lile neno karibu kidogo. Siku moja alimwambia kwamba mchunguzi bado anasubiri. Siku nyingine alisema Filimbi aliacha mtoto anayetambaa. Jumapili moja waliketi nje peke yao, watoto wamekwenda kucheza, na kaka akavuta pumzi ndefu, akafungua mdomo. Kisha kaka akasema paa la jiko linavuja, atakuja na bati. Na kweli alikuja na bati, akalipigilia vizuri sana.

Hatimaye mchunguzi alimwita tena. Safari hii mafua yalikuwa yamepona na uso wake ulikuwa umechoka zaidi kuliko alipoumwa.

"Wamekubali kulipa faini," alisema. "Kubwa. Wakubwa wangu wamefurahi sana."

"Wamekiri?"

"Wanalipa bila kukiri kosa. Ndivyo maafikiano yalivyo. Wanalipa, sisi tunafunga faili, hakuna aliyesema amefanya nini."

"Na Filimbi?"

Mchunguzi akazipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Filimbi hayumo humo. Katika sheria yangu kuna mizigo, kuna majina ya mizigo, kuna nauli. Niliomba liongezwe neno moja kuhusu ajali. Wanasheria wao wakasema lile kontena lilikuwa la nguo, nani anasema vinginevyo? Sikuwa na mtu." Akamtazama. "Pole sana. Nasema kwa moyo."

Alimsindikiza mpaka ngazini, jambo ambalo nadhani hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Kaka alikuja mapema siku hiyo, jua bado lipo. Habari zilishafika maghalani. Alikuwa na uso mwepesi, uso ambao Polepole hakuwa ameuona tangu kabla ya ajali, na alikuwa amekuja mikono mitupu. Akavua viatu, akakaa, akajinyoosha.

"Yamekwisha, mdogo wangu," alisema. "Wamelipa, faili limefungwa. Nimezungumza na meneja wa yadi, anasema mambo yakipoa kidogo anaweza kukurudishia leseni. Sasa na wewe acha kujitesa. Tumshukuru Mungu."

Katika miezi yote ile Polepole hakuwahi kumkasirikia. Na hata sasa, nakwambia kweli, kilichompanda hakikuwa hasira. Kilikuwa kitu cha baridi, kama mtu aliyeweka mguu kwenye ngazi isiyokuwepo.

"Kaka," alisema, "lile kontena uliivalisha milango yake wewe."

Kutoka jikoni sauti ya mwiko ikakoma.

Kaka hakukana. Mabega yake yalishuka, kisha kichwa, na alipozungumza alizungumza na magoti yake. "Umejua lini?"

"Siku ya picha. Niliona kamba."

"Siku ya picha?" Kaka akainua macho. "Muda wote huo? Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Kaka akaanza kulia, kilio cha mwanamume mzima asiyekizoea, kinachotoka kama kikohozi. Alisema aliambiwa ni nauli tu, kwamba ni mambo ya matajiri na matajiri wenzao, meli ni kubwa, haiwezi kuhisi. Alisema hakujua kontena lile litapita mikononi mwa nani. Alisema alikuja kila jioni akiwa amejiapiza kwamba leo anasema, na akimwona mdogo wake anafurahi kumwona, anashindwa. Polepole aliyaamini yote, maana yote yalikuwa kweli.

"Serikalini kumeshafungwa," alisema. "Sitaki uende huko. Nenda kwa mke wa Filimbi. Mwambie ndani kulikuwa na nini. Basi, sitakuomba kingine maisha yangu yote."

"Nitakwenda."

"Nenda sasa, kaka. Saa hizi yupo nyumbani."

"Nakwenda," alisema kaka. Akasimama, akajifuta uso kwa kiganja, akavaa viatu. Mlangoni alimshika mdogo wake bega, akalibana kwa nguvu kama alivyokuwa akifanya zamani akimpeleka shule, akatoka.

Polepole alisimama kizingitini kumtazama. Mtaa ulikuwa umejaa watu wanaorudi kutoka kazini, lakini shati la kaka lilionekana vizuri katikati yao. Alitembea mpaka bombani, akasimama. Akageuza uso kulia, akautazama ule mlango wa pili, akautazama sana, mpaka mwanamke mmoja mwenye ndoo akalazimika kumpita pembeni. Kisha akanyoosha moja kwa moja, na mwendo wake ulikuwa wa haraka.

Mkewe alikuja nyuma yake akijifuta mikono. Alikuwa amesikia yote. "Shemeji amefika?" aliuliza. "Amepinda?"

"Amekwenda nyumbani kwake," alisema Polepole. "Twende tukale."